Kindu: Nani atalipa ili majalala ya zamani yasafishwe?

Katika mji wa Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, mazungumzo juu ya uchafu yanarudi kila msimu wa mvua. Viongozi wanatangaza Salongo, wakaaji wanatoka na majembe, mafagio na magunia, mitaro inazibuliwa. Takataka zinasombwa hadi kwenye shimo au bonde la karibu, na kazi inahesabiwa kuwa imekwisha.

Lakini kuna uchafu mwingine ambao Salongo haiugusi. Ni ule wa miaka iliyopita, uliorundikwa karibu na masoko, kwenye mabonde yaliyochimbwa na mvua na kwenye miteremko inayoshuka hadi vijito na mto Lualaba. Kwa huo hakuna siku iliyotengwa. Jambo zito zaidi ni kwamba hakuna pesa iliyotengwa pia, ingawa sheria za nchi zinasema wazi nani ana wajibu na pesa zingetoka wapi.

Deni la leo na deni la kurithi

Takataka za leo na jalala la zamani ni matatizo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakofanya yote mawili yakose dawa. Takataka za leo zinahitaji gari, watu na mafuta kila siku. Ukisimamisha kazi wiki moja, soko lote linanuka na kila mtu analalamika. Jalala la zamani halipigi kelele. Limefunikwa na majani, watoto wanachezea juu yake, wengine wanalima mchicha na mihogo kwa sababu udongo ni mweusi na unaonekana kuwa na rutuba.

Chini yake kazi inaendelea. Mvua inapenya ndani ya rundo, inapita katikati ya betri, mabati, mafuta ya injini, dawa zilizopitwa na wakati na plastiki, kisha inatoka upande wa chini ikiwa maji meusi. Maji hayo yanafuata mteremko kuelekea chemchemi, visima na kijito. Katika mitaa ambako bomba la Regideso halifiki, chemchemi na kisima ndivyo vinavyonywesha familia.

Mwaka 2025 Maniema ilikuwa kati ya majimbo ya Congo yaliyoripoti wagonjwa wa kipindupindu. Ugonjwa huo hautoki kwenye jalala peke yake. Unatoka zaidi kwa vyoo vibovu na maji yasiyo safi. Ila pale ambapo rundo la takataka limeziba njia ya maji, mvua kubwa inafurika, na mafuriko yanachanganya maji ya choo na maji ya kisima. Hapo uchafu wa zamani unakuwa mshiriki wa ugonjwa wa leo.

Kuna pia suala la viwanja. Mji unapopanuka, shimo lililojazwa takataka linasawazishwa, linafunikwa udongo kidogo, kisha linauzwa kama kiwanja cha kawaida. Anayenunua hana njia ya kujua, kwa sababu haonyeshwi orodha yoyote ya pahali palipokuwa jalala. Nyumba ikianza kupasuka na kuzama, muuzaji ameishaondoka.

Hesabu ya Kindu ina ugumu wake wa pekee. Mji umegawanywa na mto. Komini za Kasuku na Mikelenge ziko upande wa magharibi, komini ya Alunguli iko ng'ambo ya mashariki, na hakuna daraja kati yao. Kila mpango wa kupeleka takataka zote pahali pamoja lazima uhesabu gharama ya kuvusha mizigo kwa chombo cha majini. Kwa hiyo mpango wa jalala moja kwa mji mzima, ambao kwenye karatasi unaonekana wa bei ndogo, unaweza kuwa wa bei kali ukifika mtoni.

Sheria inasema nini

Kwa upande wa wajibu, hakuna giza. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yenye afya. Kifungu cha 54 kinasema kwamba uharibifu wowote unaotokana na kazi ya kiuchumi lazima ulipiwe fidia au urekebishwe. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inazitaka serikali kuu, jimbo na serikali za mitaa kusimamia takataka kwa namna inayolinda afya ya watu. Sheria hiyo hiyo inakataza kutupa takataka pahali pasipostahili, na inatambua kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa.

Kanuni hiyo inafaa pale ambapo mchafuzi ana jina na anwani. Maniema inajua mfano wake: ni jimbo la madini ya bati tangu wakati wa ukoloni, na pahali ambapo kampuni imechimba inawezekana kuuliza ni nani alikuwa na kibali na ni nani aliacha mashimo. Kwa majalala ya Kindu mambo si hivyo. Rundo limejengwa na maelfu ya familia, wachuuzi, karakana na maduka kwa miaka mingi. Wengine wamekufa, wengine wamehama. Ankara haiwezi kupelekwa kwa mtu. Mlipaji anayebaki ni hazina ya umma.

Hazina ipi? Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya serikali za mitaa inaupa mji na komini utu wa kisheria, maana yake zinaweza kuwa na bajeti yao na mali yao. Usafi ni kati ya kazi zao. Kwa hiyo mji wa Kindu pamoja na komini zake tatu ndizo zenye mzigo wa kwanza. Swali ni kama zimepewa pia nguvu ya kuubeba.

Franka mia moja zinavyogawanywa

Kwenye karatasi, nguvu hiyo ipo. Katiba, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, tena yabaki huko huko yalikokusanywa. Kifungu cha 181 kinatenga asilimia 10 nyingine kwa Hazina ya Taifa ya Usawazishaji, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Kese ya Perekwasio, ili igharamie miradi na kupunguza tofauti ya maendeleo kati ya majimbo. Kisha sheria ya 2008 inasema asilimia 40 ya fungu la majimbo iende kwa serikali za mitaa.

Kwa hesabu rahisi: kila franka 100 za mapato ya kitaifa, 50 zinabaki kwa serikali kuu, 10 zinaingia katika hazina ya usawazishaji, na 40 ni za majimbo. Kati ya hizo 40, jimbo linabaki na 24, na franka 16 zinashuka hadi miji, komini, sekta na usultani.

Franka hizo 16 ndizo zingelipia mtaro, soko, gari la takataka na jalala la zamani. Lakini kifungu cha 175 hakijawahi kutekelezwa kama kilivyoandikwa. Pesa hazibaki jimboni. Zinapanda Kinshasa kwanza, kisha Kinshasa inarudisha kiasi inachoona kinawezekana, kwa wakati inaoona unafaa. Kiasi hicho kimekuwa chini ya kile ambacho katiba inaahidi, na sehemu kubwa yake inakwenda kwa mishahara. Jimbo lenyewe likibanwa, linabana wa chini yake. Mji na komini zinafikiwa mwisho.

Hazina ya usawazishaji nayo ilichelewa. Katiba iliitaja mwaka 2006, lakini sheria ya kuiunda ilipatikana tarehe 8 Novemba 2016, yaani miaka 10 baadaye. Na tangu vita vya mashariki vilipopamba moto, hasa baada ya Goma na Bukavu kuingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa mwaka 2025, matumizi ya usalama yanavuta bajeti ya taifa kuelekea upande mwingine.

Milango miwili ambayo Kindu haiingii

Kuna pesa nyingine za umma zilizokusudiwa kushuka chini katika miaka ya karibuni, na zote mbili zinapita pembeni ya mji.

Ya kwanza ni ya madini. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa serikali ya mtaa ambako madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 inafuata mgodi. Kama mgodi uko katika sekta mojawapo ya teritwari ya Kabambare au ya Pangi, pesa zinakwenda huko, si Kindu. Hilo ni haki, maana huko ndiko ardhi inakochimbuliwa. Lakini mji unaopokea watu, mizigo na takataka za jimbo zima unabaki na mikono mitupu, isipokuwa jimbo liamue kuutazama kutoka katika ile 25 yake.

Ya pili ni mpango wa maendeleo ya maeneo 145, unaojulikana kama PDL-145T. Jina lenyewe linaeleza: ni kwa ajili ya maeneo ya vijijini, yaani teritwari, na lengo lake ni shule, vituo vya afya, majengo ya utawala na barabara. Maniema ina teritwari saba: Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia. Mji wa Kindu si mmoja wao. Hata kama mpango ungekwenda kwa asilimia mia, jalala la Kindu lisingeguswa.

Matokeo yake ni kwamba mji unategemea kodi ndogo ndogo: za meza sokoni, za maegesho, za vibanda. Mama anayeuza samaki au mafuta ya mawese analipa kila siku, kisha anarudi kuketi kando ya lile lile rundo. Mtu wa namna hiyo akiambiwa aongeze kodi ya usafi, atauliza ile ya jana ilifanya nini. Swali lake ni halali, na kiongozi asiyekuwa na jibu hataweza kukusanya kodi mpya kwa amani.

Wengine walipitia wapi

Kinshasa imetoa somo la bei kali. Kwa miaka kadhaa Umoja wa Ulaya uligharamia sehemu ya ukusanyaji wa takataka pamoja na jalala la kisasa la Mpasa. Agosti 2015 ufadhili ulikwisha. Mji mkuu haukuwa umejiandaa kubeba gharama, na milima ya takataka ikarudi barabarani. Somo si kwamba msaada ni mbaya. Somo ni kwamba msaada usiokuwa na mstari wake katika bajeti ya nyumbani unakufa siku mfadhili anapofunga mfuko.

Bukavu inaonyesha bei ya kutofanya kitu. Takataka zinazotupwa mabondeni zinashuka hadi Ziwa Kivu, maji yanazisukuma kuelekea mto Ruzizi, na pale Ruzizi ya kwanza plastiki inaziba mitambo ya umeme ya SNEL. Pesa ambazo hazikulipwa kwa usafi zinalipwa kwa umeme unaokatika.

Kampala imelipa kwa maisha ya watu. Jalala la Kiteezi, lililofunguliwa mwaka 1996, liliendelea kujazwa hata baada ya kuonekana wazi kwamba limeshiba. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, rundo liliporomoka na kufunika nyumba. Watu zaidi ya 30 walikufa. Mwezi uliofuata rais Museveni aliwafukuza kazi viongozi wa juu wa mji. Lakini kuwafukuza viongozi hakukufufua mtu, na gharama ya kulifunga jalala ilibaki pale pale.

Dar es Salaam inafundisha jambo lingine. Mwaka 1988 wakaaji wa Tabata walilishtaki baraza la mji wao kwa ajili ya jalala lililokuwa linawaka moto na kuwajaza moshi. Mahakama Kuu iliwapa haki na kuamuru utupaji usimamishwe. Ushindi ulikuwa mkubwa, lakini takataka zilihamishiwa mitaa mingine na malalamiko yakahama nazo. Hukumu inaweza kufunga mlango wa jalala. Haiwezi kusafisha kilicho ndani bila pesa.

Mbali zaidi, jimbo la California huko Marekani lilipitisha mwaka 1993 sheria iliyounda mfuko maalum wa majalala ya zamani, hasa yale ambayo mchafuzi hajulikani au hana uwezo. Mfuko unalishwa na ada inayolipwa kwa takataka zinazotupwa leo, na serikali za mitaa zinaweza kuomba msaada au mkopo. Huko Ulaya, sheria ya mwaka 1999 inadai bei ya kutupa takataka ihesabu tangu mwanzo gharama ya kulifunga jalala na kuliangalia kwa miaka isiyopungua 30. Kindu haina utajiri huo. Lakini wazo la msingi halihitaji utajiri: kila anayetupa leo achangie kidogo kwa ajili ya kesho, na mchango huo uwekwe pahali ambapo hauwezi kuchotwa kwa kazi nyingine.

Kazi ambayo ingeweza kuanza

Watu wengi wakisikia kusafisha jalala wanafikiri ni kuchimbua kila kitu na kukipeleka mbali. Mara nyingi hiyo ndiyo njia ya bei kali kuliko zote, na inaweza kuwa ya hatari, maana rundo lililochimbuliwa linatoa hewa mbaya na maji machafu. Njia ya kawaida ni kulifunga pale pale lilipo: kuchimba mtaro upande wa juu ili maji ya mvua yapite kando, kupunguza mteremko ili lisiporomoke, kulifunika kwa udongo mzito wa mfinyanzi, ule ule wanaotumia wafyatua matofali, kupanda majani, kuweka uzio, na kukataza visima upande wa chini. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanywa na mikono ya vijana wa mji kwa malipo ya siku.

Kabla ya hapo inahitajika orodha: majalala mangapi, yako wapi, yana ukubwa gani, nani anaishi juu yake au chini yake, kisima gani kiko karibu. Orodha ya namna hiyo haihitaji mabilioni. Wazee wa mitaa, wakuu wa avenyu na mafundi wa idara ya mazingira wanaweza kuianza kwa daftari na simu. Bila orodha, hata pesa zikija kesho hazitajua pa kwenda, na zitafuata mwenye sauti kubwa badala ya mwenye hatari kubwa. Orodha hiyo ikibandikwa kwenye ofisi za komini, ingemlinda pia mnunuzi wa kiwanja.

Wako watakaosema kwamba mji wenye barabara mbovu, shule zenye paa linalovuja na watumishi wanaodai mishahara hauwezi kuanza na majalala. Hoja hiyo ina uzito. Franka moja inayokwenda jalalani haitakwenda kwa dawati la mtoto. Lakini hesabu hiyo inasahau upande wa pili: kituo cha afya kinachojaa wagonjwa wa kuhara, barabara inayokatwa na maji yaliyozuiliwa njia, na kisima kinachopaswa kuachwa. Gharama hizo zinalipwa tayari, ila zinalipwa na familia moja moja, kimya kimya, na hazionekani katika bajeti yoyote.

Wengine wataogopa kwamba mfuko mpya ni meza mpya ya kulia. Woga huo hauna ubishi katika nchi ambako mifuko mingi imeyeyuka. Dawa yake ni ndogo lakini ngumu: akaunti moja, kazi moja kwa wakati mmoja, na hesabu inayosomwa mbele ya watu kwa franka, si kwa maneno. Jalala moja lililofungwa vizuri huko Mikelenge au Alunguli lingeshawishi watu kuliko mpango wa majalala yote unaobaki kwenye kabati.

Hapa kuna jambo moja jipya. Tarehe 20 Desemba 2023, wapiga kura wa komini za miji mikuu ya majimbo, Kindu ikiwa mmojawapo, walichagua madiwani wao. Kasuku, Mikelenge na Alunguli zina watu waliopigiwa kura kwa ajili ya mambo ya karibu kabisa: mtaro, soko, takataka. Diwani hana mamlaka ya kulazimisha Kinshasa itoe asilimia 40. Ana uwezo, hata hivyo, wa kudai orodha ya majalala, kudai mstari wake katika bajeti ya komini, na kuuliza mbele ya watu retrosesioni iliyofika ilikuwa kiasi gani na ilikwenda wapi.

Kwa upande wa jimbo, kikao cha bunge la Maniema kinachoanza mwisho wa Septemba ndicho kinachojadili bajeti. Hapo ndipo inaweza kuamuliwa kama sehemu ya asilimia 25 ya mrabaha wa madini itaingia katika usafi wa mji unaobeba jimbo, na kama Maniema itapeleka kwa hazina ya usawazishaji mradi wa majalala uliokamilika, wenye ramani na bei, badala ya barua ya malalamiko. Mradi usiokuwepo kwenye karatasi hauwezi kukataliwa, lakini hauwezi kulipiwa pia. Na mvua ya Kindu haingoji bajeti ipigiwe kura. Inashuka na kupita ndani ya marundo yale yale, kuelekea visima vile vile.